Dola Mia kwa Usiku, Mswaki Ulale Garini

Huku Ontario, wikiendi ya Victoria ikikaribia, hakuna anayekuuliza kama unasafiri. Wanakuuliza unakwenda wapi. Ukisema utabaki nyumbani, kwenye kitanda chako mwenyewe, ulichokinunua kwa jasho lako mwenyewe, wanakupa pole ya msibani na kubadilisha mazungumzo. Wikiendi hiyo, ambayo Jumatatu yake huangukia kabla ya tarehe 25 Mei kwa heshima ya malkia aliyefariki mwaka 1901, ndiyo inayofungua msimu wa kambi. Toronto inahamia msituni. Barabara Kuu ya 400 inajaa magari yaliyobeba mitumbwi kichwani na baiskeli mgongoni, na ndani ya kila gari yumo baba mmoja ambaye hajalala vizuri na hatalala vizuri mpaka Jumanne.

Safari hii na mimi nilikuwemo. Wa kulaumiwa ni shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, mzaliwa wa Mwanza, na ameishi Kanada muda wa kutosha kuambukizwa. Ana buti za kupandia milima, ingawa Brampton tunakoishi hakuna mlima. Ana kisu chenye vifaa vingi tumboni, na hakuna hata kimoja kinachoweza kukata kitunguu. Akitamka "hewa safi" unaweza kudhani anaanza mahubiri. Alikuwa akitusumbua na habari za kambi kwa muda mrefu, na mke wangu alikuwa akimkatalia kwa sababu moja tu, tena ya maana: yeye halali kwenye hema. "Kaka, mimi nimezaliwa ndani ya kuta," alimwambia, "na nitalala ndani ya kuta." Nikajua shauri limekwisha. Kumbe mwenzetu alikwenda kutafuta kuta.

Kwenye hifadhi za huku nafasi hufunguliwa miezi 5 kabla, saa moja kamili asubuhi. Hebu piga hesabu. Anayetaka kulala msituni mwezi Mei sharti aamke gizani mwezi Desemba, theluji ikimwagika nje, akae mbele ya kompyuta na kadi ya benki mkononi, kidole juu ya kitufe, akishindana na mkoa mzima. Hawa ni watu ambao mkutano wa kazini wa saa mbili asubuhi huuita ukatili. Lakini kwa ajili ya kwenda kuumwa na mbu, wanaamka wote. Shemeji aliamka pamoja nao. Saa moja na dakika chache simu yangu ikalia, nami bado nimejifunika gubigubi.

"Shem! Nimepata yurti!"

Nikampa pole.

Yurti, nikaja kuelezwa, ni nyumba ya duara ya wafugaji wa Asia ya Kati: Wamongolia, Wakirgizi, Wakazaki. Ukuta wake ni wavu wa fito zilizopishana, unaoweza kukunjwa na kukunjuliwa. Kutoka ukutani miti inapanda hadi kwenye duara la mbao kileleni, kisha nyumba nzima inavikwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa hadi ikawa nene na nzito. Malisho yakiisha, familia inaibomoa, inaipakia juu ya ngamia au mkokoteni, inakwenda, inaisimamisha kwingine. Kwa Wamongolia mlango hutazama kusini, magharibi ni upande wa wanaume, mashariki upande wa wanawake, na mgeni mwenye adabu hakanyagi kizingiti. UNESCO iliuingiza ufundi wa Wamongolia kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2013, na ule wa Wakirgizi na Wakazaki mwaka 2014. Wakirgizi wamelichora duara la kileleni katikati ya bendera yao ya taifa. Ni nyumba yenye heshima zake, na mimi sina ugomvi nayo hata kidogo.

Ugomvi wangu ni na Mmarekani mmoja, marehemu William Coperthwaite. Mwaka 1962 alisoma makala ya jarida kuhusu Mongolia, akazipenda zile nyumba, akatumia maisha yake kuwafundisha wenzake kuzijenga. Mbegu ikaota. Miaka ya 1990 hifadhi za jimbo la Oregon zikaanza kuzipangisha kwa wapiga kambi, wengine Amerika Kaskazini wakaiga, na leo Ontario nayo inazo. Ila ukiitazama ya huku, sufu imekuwa turubai la plastiki. Tundu la moshi limekuwa kuba la plastiki la kutazamia nyota. Kuna umeme, kuna hita, kuna mlango wa kufuli. Na vyote hivyo vimekazwa kwa skrubu juu ya jukwaa la mbao ambalo haliendi popote mpaka lioze.

Sasa nisaidieni. Nyumba ambayo sifa yake kuu duniani ni kuhama, hapa haihami. Mimi mwenye nyumba ya matofali ndiye niliyehama.

Na nilihama kwelikweli. Yurti inakuja na vitanda vya dabodeka, magodoro, meza na viti. Shuka, mito, mablanketi, vyombo, chakula: jitegemee. Mke wangu hasafiri na vitu nusunusu. Ikapakiwa sufuria ya ugali na mwiko wake, unga kutoka duka la Wakongo, maharage yaliyokwisha kuchemshwa, birika, chupa ya chai, mkeka, beseni, na ndoo ambayo nilipouliza ya nini niliambiwa nisiulize. Shemeji akaja na boksi moja dogo. Ndani yake mlikuwa na biskuti, chokoleti na mashimelo. Akatazama gari lililokuwa limeinama nyuma, akatikisa kichwa, akasema lengo la kambi ni kupumzika kutoka kwenye vitu. Jioni ya kwanza alikula ugali sahani mbili, kutoka kwenye vitu.

Kuni ndizo zilizonitia hasira kwanza. Nyuma ya nyumba yangu nina rundo la kuni, mti wangu mwenyewe niliouangusha, umekauka vizuri. Hazitakiwi. Kuna mbawakawa wa kijani kutoka Asia aliyegunduliwa huku mwaka 2002, anayeua miti ya eshi kwa mamilioni, na usafiri wake mkubwa ni kuni za watu wanaokwenda kambini. Sababu nimeielewa, tena ni ya haki. Kuelewa hakupunguzi bei. Unanunua kuni hapohapo, mfuko mmoja zaidi ya dola kumi, vijiti unavyoweza kuvihesabu bila kuvua glavu. Na ukinyanyua macho, msitu. Matawi makavu yamelala kushoto, magogo yamelala kulia. Kuokota ni marufuku, kwa sababu gogo linalooza ni chakula cha msitu na nyumba ya viumbe. Shangazi yangu aliyeuza kuni Korogwe maisha yake yote hakuwahi kukutana na wateja wa namna hii, walio katikati ya miti na pochi mkononi.

Ofisini tukapewa ufunguo pamoja na masharti. Binti aliyetuhudumia alikuwa mpole na mwenye tabasamu lisilozimika. Hakuna kupika ndani ya yurti. Jiko la gesi liko nje. Chakula kisibaki mezani wala chini wala ndani ya yurti. Kikae garini, vioo vimepandishwa, kwa sababu ya dubu weusi. Na si chakula tu. Dubu ananusa kutoka mbali sana na hajui tofauti ya kitu cha kula na kitu cha kunukia, kwa hiyo sabuni, mafuta ya kujipaka na dawa ya meno navyo vikalale garini.

"Na mafuta ya nazi?" mke wangu akauliza.

Hayo pia.

"Nimeshayapaka."

Binti akatabasamu. Tukatoka pale nikiwa nimeelewa kwamba nakwenda kulala ndani ya turubai, pembeni ya mwanamke anayenukia wali wa nazi.

Ndiyo maana usiku ule ungepita ungenikuta kwenye maegesho, tochi kwapani, natema povu gizani, kisha nakusanya miswaki ya familia nzima, naipanga ndani ya gari na kuifungia. Miswaki ilipata viti vya ngozi na kioo cha kujikinga na upepo. Mwenye gari alipata dabodeka.

Tuje kwenye wadudu, maana hapo ndipo hoja yangu ilipozaliwa.

Mwezi Mei Ontario ina usubi. Ndiyo, usubi wale wale, au niseme ndugu zao: vinzi vyeusi vilivyopinda mgongo, vinavyozaliwa kwenye maji yanayokimbia. Mtu wa milima ya Usambara, wa Mahenge au wa Tukuyu hahitaji kuelezwa. Kwetu usubi humaanisha upofu wa mtoni, na watu humeza dawa kila mwaka ili kuuzuia. Nilipomwona wa kwanza kwenye mkono wa mwanangu, moyo ulinipasuka. Mzee wa kambi ya jirani akanitoa hofu: huku hawaleti upofu wowote. Wanauma tu. Wanauma nyuma ya sikio, kwenye mstari wa nywele, kwenye kifundo cha mguu pale soksi inapoishia, na wakati wa kuuma husikii kitu. Unakuja kuona damu. Kesho yake panavimba, keshokutwa pananuna, na mtoto wetu wa mwisho aliamka jicho moja limefumba kabisa, akawa anatutazama kwa lile lililobaki, kwa lawama.

Kisha mbu. Nao wapo, wakubwa, wa kutosha kugawiwa majirani. Malaria hakuna. Ilikuwepo zamani: mfereji wa Rideau, unaotoka Ottawa hadi Kingston, ulichimbwa kati ya mwaka 1826 na 1832, na vibarua wengi waliouchimba waliuawa na malaria. Ontario hii hii. Baadaye malaria ikaondoka. Mbu wakaambiwa wabaki.

Halafu ziwa. Ontario inasemekana kuwa na maziwa zaidi ya 250,000, na namna wanavyopata idadi hiyo niliielewa nilipoliona letu. Mke wangu alisimama ufukweni, mikono kiunoni. Huyu ni mtu aliyekua akitazama Ziwa Victoria, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, ziwa lenye mawimbi, meli na dhoruba zake. "Kaka," akasema, "mbona ng'ambo naiona? Kuna mtu kule anakaanga mayai." Shemeji akajibu kwamba ukubwa si hoja. Kuna ubao pale ufukweni unaoeleza juu ya muwasho wa waogeleaji. Nikausoma mara mbili. Konokono wa majini, kijidudu kinachotoka ndani ya konokono, kinachopenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini. Jamani, hicho si kichocho? Ni binamu yake. Kijidudu hiki ni cha ndege, bata na wenzake, na kikiingia kwenye ngozi ya binadamu kinagundua kimekosea nyumba na kufa papo hapo. Unabaki na vipele na kujikuna.

Hapo nikapata kukielewa kitu kinachoitwa kambi. Wenzetu wamekaa chini, wakaichambua shida ya maisha ya porini, wakatenganisha hatari na kero. Hatari wakaitupa. Kero wakaiwekea bei kwa usiku. Usubi bila upofu, mbu bila malaria, kichocho bila kichocho, nyumba ya kuhamahama bila kuhama, na kuni unazotembea juu yake bila kuruhusiwa kuziokota.

Mtu wa haki lazima aseme kwamba kupe wa huku hawajafanyiwa mchujo huo. Kuna aina inayobeba ugonjwa wa Lyme, na huo si wa mchezo, ndiyo maana kila jioni tulikaguana mwili mzima, nyuma ya magoti na kwapani, familia nzima ikiwa imepanga foleni chini ya taa. Tulijuana upya.

Maji ya mwezi Mei huku ni barafu iliyokufa juzi tu. Ilikuwa imeyeyuka mwishoni mwa Aprili. Shemeji akatangaza kwamba mtoto wa Mwanza haogopi maji, akavua shati, akarudi nyuma hatua chache, akakimbia, akajitosa. Akatoka akiongea Kisukuma, lugha ambayo miaka yote ametuambia ameisahau.

Mtumbwi nao una taratibu zake. Jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, filimbi, na kamba inayoelea ya mita 15. Ni sheria ya Kanada, na juu ya hili silalamiki. Wavuvi wa Ukerewe wanaoingia ziwani usiku na taa zao wangepewa majaketi wangevaa. Nalalamikia kasia. Mimi nilikaa mbele, shemeji nyuma, na wa nyuma ndiye anayeongoza, kwa hiyo nilipiga kasia kwa nguvu zangu zote kuelekea mahali nisipopataka. Tulizunguka. Mzee wa kambi ya jirani akatupungia mkono kutoka kwenye kiti chake kila tulipopita.

Naomba nimseme huyu mzee kidogo, kwa sababu ndiye aliyenifungua macho. Amestaafu. Amekuja na mkewe kwa nyumba ya magurudumu, basi zima lenye kitanda, friji, televisheni, choo na bafu. Alinikaribisha, nikapanda, nikakalia sofa, nikataka kulia. Akaniambia wakimaliza hapa wanasogea kaskazini, Septemba wanarudi kusini, na baridi ikianza wanashuka hadi Florida mpaka masika. Wanafuata hali ya hewa, nyumba wanayo, na pakichosha wanaondoka. Mmongolia wa kweli pale kambini alikuwa ni yeye. Sisi wa kwenye yurti tulikuwa wapangaji tu.

Usiku sasa. Waliokulia kwenye nyumba za mraba hawajui thamani ya kona. Kona ni mahali pa kuweka begi. Kona ni mahali pa kununia. Ndani ya yurti huna pa kununia. Ukimpa mtu mgongo, upande wa pili unakutana naye uso kwa uso. Wahaya walijenga msonge, duara vilevile, lakini waliugawa ndani, kila jambo na sehemu yake, kwa sababu walijua nyumba itakaliwa na watu na si na picha. Yurti yetu ilikuwa duara moja tupu, na ndani yake: mimi, mke wangu, watoto, shemeji, na koroma ya shemeji, ambayo haikupata kona ya kujificha ikawa inatuzunguka. Alilala kitanda cha juu. Vitanda vya mstatili ndani ya nyumba ya duara huacha nyuma yake pembe tatu isiyo na jina, na kila kitu kilichodondoka usiku kilidondokea humo: simu, soksi, mto, na wakati fulani mtoto.

Hita ilikuwa na hali mbili, kuchoma na kutokuwepo. Mke wangu aliiwasha, shemeji aliizima kwa sababu "tumefuata hewa safi", mke wangu akaiwasha, na mimi nilijifanya nimelala, jambo ambalo ndani ya duara halimdanganyi mtu.

Na moto wa nje, ile sehemu pekee niliyoitarajia, nao una saa. Kuanzia saa nne usiku ni kimya mpaka asubuhi. Nawauliza, Mswahili gani anamaliza hadithi saa nne? Nilikuwa ndiyo kwanza namwingiza fisi. Akaja askari wa hifadhi na tochi, kwa adabu zote, akatukumbusha kwamba watu wanalala. Fisi akabaki njiani. Watoto wakanidai mwisho wa hadithi ndani ya yurti, kwa kunong'ona, na fisi anayenong'ona hana kazi.

Tulipokuwa tumenyamaza hivyo, kutoka ziwani ikapanda sauti. Sitaki kuitia chumvi. Ilianza chini, ikapanda, ikavunjika katikati, ikawa kicheko. Mke wangu akaketi wima. "Nani huyo?" Shemeji akasema ni ndege, anaitwa luni, Wakanada wanampenda mno, wamemweka kwenye sarafu ya dola moja tangu mwaka 1987. Kwetu ndege anayecheka peke yake juu ya maji usiku wa manane angeitiwa mzee wa kumsemesha. Huku ameitiwa mchonga sarafu. Akacheka tena, mwenzake akajibu kutoka ng'ambo ile ya mayai, na mke wangu akatamka kwa utulivu kabisa kwamba anahitaji choo.

Choo kiko mwisho wa njia. Choo cha shimo, safi, hilo nakiri, chenye karatasi na hata dawa ya kunawia mikono. Lakini kiko mwisho wa njia, na njia iko msituni, na msituni kuna dubu ambaye tumeshaambiwa anapenda nazi. Nikamsindikiza. Ndipo nilipokumbuka ndoo niliyoambiwa nisiulize. Ilikuwa garini, imefungiwa na miswaki.

Tukiwa tunarudi, tochi ikamulika meza yetu ya nje. Juu yake walikaa rakuni, kundi zima, wamezunguka boksi la shemeji. Yeye aliyetuhubiria habari za kuacha vitu, aliacha chake. Rakuni ana vidole. Anafungua kifuniko, anachambua karatasi, anakunja. Toronto ilibidi igawe mapipa ya taka yenye kufuli maalumu kwa ajili yake. Hawakukimbia. Mmoja alinitazama huku anatafuna mashimelo, shavu limejaa, kama mjomba aliyekutwa jikoni. Nikazima tochi. Lilikuwa ni tukio zuri kuliko yote ya safari ile na sikutaka kulikatiza.

Asubuhi mama yangu akapiga kutoka Korogwe. Mtandao pale kambini unapatikana sehemu moja tu, kando ya choo, kwa hiyo nilizungumza na mzazi wangu nikiwa nimebana pua. Nikamwambia tuko mapumzikoni, msituni, kando ya ziwa.

"Mna nyumba?"

"Ya duara, mama. Ya turubai."

"Maji?"

"Kuna bomba, si mbali sana."

"Choo?"

"Cha shimo. Hiki hapa."

"Mnapika kwa nini?"

"Gesi nje, na kuni. Kuni tunanunua."

Akanyamaza kwa muda. Mama yangu ni mtu wa maswali mengi, akinyamaza ujue anapiga hesabu.

"Mwanangu," akasema, "mwezi huu usinitumie hela."

Nilijaribu kumweleza kwamba ni starehe, kwamba usiku mmoja ni zaidi ya dola 100, zaidi ya shilingi laki moja na nusu za kwetu. Nilipotaja bei ndipo alipoanza kuomba dua.

Watoto, na hili ndilo linaloniudhi kuliko usubi, walifurahi. Yule wa jicho moja alifurahi zaidi ya wenzake. Walikusanya mawe, wakamwona kulungu wa huku, yule mkubwa mwenye pembe bapa, amesimama kwenye kinamasi kando ya barabara akila majani ya majini bila haraka, na wamekwisha kumsimulia kila mtu darasani. Mke wangu, aliyezaliwa ndani ya kuta, anasema ile hita ikitengenezwa na kaka yake akalala garini na miswaki, yeye hana neno. Shemeji amenunua boksi jipya lenye vishikizo vya chuma. Amekwisha kuweka kengele ya Desemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na safari hii ameiweka kwenye simu yangu pia, ili tuwe na vidole viwili.

Kwa hiyo ninaandika mapema. Wenye hifadhi, mnaoendesha yurti popote mlipo, kama kuna hata mmoja wenu anayesoma Kiswahili: tieni ukuta wa kati, sogezeni choo. Kama hayo hayawezekani, basi pandisheni bei mpaka shemeji yangu ashindwe.